Injini Iliyonyweshwa Samli

Mwezi wa kwanza mwaka 1979 mkuu wa karakana yetu pale Biharamulo aliniambia niende Ngara nikafufue trekta la kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nyakisasa. Alinipa kopo la oili la lita tano, beringi mpya, ringi za pistoni, na karatasi mbili nyeupe. Oili alinisisitizia nilale nayo, kwa sababu oili yote ya mkoa ilikuwa inakwenda vitani kaskazini. Nilimuuliza karatasi ni za nini. Akasema ya kwanza ni ya ripoti, ya pili ni nikiiharibu ya kwanza. Shule niliishia darasa la nne, na yeye alilijua hilo.

Nilifika Jumatatu mchana. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Ildefonce, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha trekta, halafu akanionyesha dereva. Trekta lilikuwa uani, limefunikwa kwa majani ya migomba ili ndege za adui zisilione. Dereva alikuwa ndani ya ghala la mazao, amefungwa kamba mguuni.

Trekta lilikuwa dogo, la silinda mbili, la aina inayopita kwenye miteremko ya Ngara bila kupinduka. Dereva naye alikuwa mdogo wa umbo. Jina lake Gervasi Nzeyimana. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 pamoja na mkewe Kankindi, wakapewa kiwanja na shamba pale kijijini, na kwa kuwa huko kwao aliwahi kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, trekta lilipoletwa alikabidhiwa yeye. Kirundi na Kihangaza, lugha ya pale, vinasikilizana. Kwa miaka sita hakuna aliyekumbuka sana kwamba ni mgeni. Walikumbuka vita ilipoanza.

Mwenyekiti alinieleza makosa yake. Kosa la kwanza, Gervasi aliwasha moto alfajiri, na amri ilikuwa imetoka kwamba mtu asiwashe moto nje mpaka jua litoke, ili ndege zisipate alama. Kosa la pili, asubuhi hiyohiyo aliiua injini. Mwenyekiti alisema mtu akifanya mambo mawili kama hayo siku moja, hiyo si bahati mbaya. Siku ya Ijumaa angekuja katibu tarafa, Bwana Alfonce, kuchukua ripoti yangu na kumchukua Gervasi. Angepelekwa wilayani, na kutoka wilayani ama jela, ama kurudishwa ng'ambo, Burundi. Ng'ambo kulikuwa na watu waliowamaliza kaka zake watatu, na walikuwa hawajalisahau jina lake.

"Ripoti yako itakuwa fupi," mwenyekiti aliniambia. "Neno lenyewe ni hujuma. Usijisumbue kulitafuta."

Nilimjibu kwamba mimi huandika polepole, kwa hiyo huandika vitu nilivyoviona tu. Akasema basi nitaona.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa mikono. Injini ya dizeli, hata iwe ndogo, mtu mmoja haibebi. Niliomba msaidizi anayejua spana. Mwenyekiti alifikiri sana, akaniletea seremala, akaniletea fundi baiskeli, na wote wawili walikuwa watu wema. Fundi baiskeli alifungua boliti tatu za kwanza akavunja mbili. Nikamwambia mwenyekiti kwamba kijijini kuna mtu mmoja tu anayeijua mashine ile, na yuko ghalani. Akakataa. Nikamwambia bila huyo nitahitaji wiki tatu. Kijiji kilikuwa kimeahidi maharage ya askari, mvua zilikuwa zinakatika, na nusu ya shamba la pamoja ilikuwa haijaguswa. Akafikiri tena. Mwishowe Gervasi aliruhusiwa kutoka mchana, chini ya ulinzi wa mgambo mmoja aliyeitwa Emilian, ambaye alikuwa na bunduki ya mti kwa sababu za chuma zilikwenda na wenzake kaskazini. Kamba ilibaki mguuni, ila waliirefusha ifike kwenye trekta.

Chakula alileta Kankindi. Alileta cha mumewe, akaleta cha kwangu, na siku ya pili akaanza kuleta cha Emilian pia, kwa sababu kamati ilipopanga ulinzi haikukumbuka kwamba mlinzi hula.

Jumanne asubuhi tulifungua. Nililala chini ya injini nikatoa kizibo cha sampu, yaani lile karai la chini linaloshika oili, nikasogeza uso pembeni ili isinimwagikie. Haikumwagika. Nikangoja. Nikaingiza njiti ya baiskeli kwenye tundu, ikaingia kama inaingia kwenye ugali. Basi tukafungua boliti zote tukashusha sampu nzima, nikaigeuza juu chini. Hakikudondoka kitu. Ndani kulikuwa na mafuta mazito ya kijivu, meusi kwa juu, yameganda mpaka pembeni. Nilichota kidogo kwa kidole nikanusa.

"Hii ni samli," nilimwambia Gervasi.

Alimtazama Emilian, aliyekuwa amekaa juu ya gogo akimenya ndizi, halafu akanitazama mimi.

"Nipe namba kumi na saba," alisema.

Nilimpa spana namba kumi na saba.

Mimi sikuhitaji maelezo. Oili ya injini kazi yake ni kuvutwa na pampu, kupandishwa juu, na kupita kati ya chuma na chuma. Samli ikiwa moto itapita, kwa siku chache. Lakini Ngara ni juu, na alfajiri ya Ngara samli hukatwa kwa kisu. Pampu inazunguka, inavuta hewa, juu hakuna kinachofika. Beringi zinakauka, zinaungua, zinashika krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Tulipotoa krenki nilikuta hivyohivyo: beringi za konrodi ya pili, mkono unaoshika pistoni, zimeyeyuka na kujisokota kama ganda la ndizi, chuma cha krenki kimekwaruzika, pistoni ya pili imejikuna ukutani mwa silinda na ringi mbili zimekatika. Injini haikuuawa kwa jiwe wala kwa mchanga. Ilikufa njaa na chakula kikiwa tumboni.

Nilisema, si kwa kumwuliza mtu, kwamba hata mafuta ya nyonyo yangekuwa afadhali, hayagandi upesi hivyo.

"Nilisema nyonyo," Gervasi alijibu akiwa ameinama. "Wakasema nyonyo haina heshima."

Habari nzima nilipewa na Emilian, na sikumwuliza sana. Alikuwa kijana wa miaka thelathini aliyebaki nyuma kwa sababu ya mguu, na kuongea ndiyo kazi pekee aliyoruhusiwa akiwa amekaa. Alisimulia kuanzia mwanzo, bila kuficha, kama mtu anayeeleza jinsi kazi nzuri ilivyofanyika.

Oili iliisha mwezi wa kumi na moja. Waliagiza, haikuja. Injini ilikuwa inavuja, kina kikashuka mpaka Gervasi akakataa kuliwasha trekta. Kamati ilikaa. Mwenyekiti akasema kwamba wazee wetu kila kitu kilichotakiwa kulainika walikipaka samli: ngozi, kamba za upinde, bibi harusi, hata baiskeli za kwanza zilizofika Ngara zilipakwa samli na zilikwenda. Hakuna aliyeweza kupinga hapo. Kina mama wakaambiwa walete, wakaleta, kila nyumba yenye ng'ombe. Gervasi alisema haitafaa. Akaambiwa asiwafundishe watu mambo ya ng'ombe zao. Akatia.

Lakini Gervasi hakuwa mjinga. Kila alfajiri alitangulia kuja uani, akawasha moto mdogo wa kuni za mkaratusi, akasukuma makaa chini ya sampu mpaka samli ikayeyuka, ndipo akalipiga trekta hendeli. Trekta lililima siku sita. Emilian alisema lilikuwa linanukia kama nyumba ya sherehe, na mbwa wa kijiji kizima walikuwa wanalifuata shambani.

Jumamosi ya wiki hiyo ikaja amri ya moto. Kamati ikaipitisha palepale. Gervasi hakuwepo, alikuwa analima. Jumatatu iliyofuata alfajiri, siku nyingi kabla sijafika, akawasha makaa yake kama kawaida. Emilian, aliyekuwa zamu, akayamwagia maji ndoo nzima. Gervasi akaomba basi wangoje jua lipande lipashe chuma. Mwenyekiti akasema maharage ya askari hayangoji jua, washa. Akawasha. Trekta lilifika kwenye kona ya shule, likagonga mara tatu kwa ndani, likasimama.

"Kwa hiyo amri ya samli ni ya kamati," nilisema.

"Ndiyo."

"Na amri ya kuzima moto ni ya kamati."

"Ndiyo. Maji nilimwaga mimi." Alisema hivyo kwa fahari kidogo.

"Na Ijumaa utamwambia katibu tarafa?"

Alinishangaa. Alisema mgambo haongei mbele ya katibu tarafa mpaka aulizwe, na hakuna atakayemwuliza yeye. Nikasema basi kina mama watasema, samli ni yao. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba pale kijijini, samli ikishatoka nyumbani kwa mtu haiulizwi. Ukimpa mtu samli, hata umkute kesho yake anawapaka mbwa, wewe unapita. Kuuliza ni kama kuomba irudishwe, na mwanamke aliyewahi kuomba samli irudi hapati mtu wa kuoa binti yake. Kwa hiyo hakuna mama atakayesimama kusema samli yangu ilikwenda wapi. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Tulifanya kazi. Krenki haikuwa na mashine ya kuichonga karibu kuliko Mwanza, kwa hiyo tuliichonga kwa mikono. Nilizungushia msasa mwembamba uliolowa dizeli pale palipokwaruzika, nikauzungushia ukanda wa ngozi juu yake, Gervasi akashika ncha moja na mimi nyingine, tukawa tunavutana. Mimi navuta, yeye anavuta. Kila baada ya mivuto mia tunaigeuza krenki robo ili isichongeke upande mmoja. Tulifanya hivyo Jumanne jioni, na Jumatano kutwa. Ni kazi ambayo huwezi kuifanya na mtu mzembe, kwa sababu akivuta vibaya utajua kwenye bega lako. Gervasi hakuvuta vibaya hata mara moja.

Chuma kilipolainika kilikuwa kimepungua, beringi mpya zikawa zinacheza. Nilikata vipande vya bati la kopo la maziwa ya unga nikaviweka nyuma ya beringi kuzibana. Nilipaka masizi kwenye krenki, tukafunga, tukazungusha, tukafungua tena kuona masizi yamegusa wapi. Pasipoguswa tulirudia. Mara tano. Pistoni nilizilamba kwa tupa pale zilipopata majeraha, nikatia ringi mpya, ukuta wa silinda tukausugua kwa msasa. Gasketi ya kuziba sampu Emilian aliikata kutoka kwenye jalada la rejesta ya elimu ya watu wazima, ambayo haikuwa na matumizi tangu mwalimu aende vitani.

Jumatano jioni nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake. Nilimwambia nimekuta samli na nitaandika samli.

"Andika," alisema. "Dereva ndiye aliyetia."

"Samli ya nani?"

Alinitazama kama nimemwuliza jambo la chumbani. "Fundi, huko kwenu Usubi watu huuliza samli?"

"Huko kwetu mbung'o walimaliza ng'ombe. Tunauliza kila kitu."

Hakucheka. Alinikaribisha kiti, akanieleza bila kuzunguka kwamba mwenyekiti wa kijiji cha jirani alivuliwa uenyekiti mwezi uliopita kwa kushindwa kutimiza ahadi ya maharage, na kwamba wakati wa vita mtu akishavuliwa hajui atavikwa nini. Trekta lazima liwe na aliyeliua. Yeye ana watoto tisa. Gervasi hana mtoto. Alisema hivyo kama mtu anayepima mahindi, hakuwa na chuki na Gervasi. Kiwanja alimpa yeye, na mbegu za kwanza alimpa yeye.

Alhamisi, tukiwa tunafunga silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, Gervasi aliongea zaidi kuliko siku zote.

"Fundi, usimtaje mwenyekiti."

"Kwa nini?"

"Wewe Jumamosi utakuwa Biharamulo. Kankindi atakuwa hapa, kwenye kiwanja alichotupa."

"Wewe wakikupeleka ng'ambo, Kankindi atakuwa wapi?"

Alikaza nati tatu kabla hajajibu. "Hapahapa. Hilo ndilo ninaloomba."

Nilimwambia mimi sijui kuandika uongo kuhusu beringi. Si kwamba nilikuwa mtu mwema sana. Nimekwishadanganya watu kuhusu mambo mengine. Lakini ripoti ya injini ina jina langu chini, na fundi mwingine yeyote akiifungua injini ile, akaziona beringi zile, akasoma hujuma, ataniona mimi ni mpumbavu. Gervasi alisema hiyo ni sababu ndogo ya kumletea mtu matatizo. Nikasema ndiyo niliyo nayo.

Ijumaa saa nne Bwana Alfonce alifika kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo, amechoka, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa na vijiji vingine viwili vya kwenda siku hiyo. Kijiji kilikusanyika uani kwa ghala. Gervasi alikaa chini kando ya trekta, Emilian amesimama nyuma yake. Mwenyekiti alifungua mkutano, akaeleza moto, akaeleza injini, akasema fundi wa serikali amekamilisha uchunguzi.

Niliitumia ile karatasi ya pili, ya kwanza niliiharibu. Niliisoma mwenyewe. Ilikuwa na mistari mitatu: injini ilikufa kwa kukosa oili kwenye beringi, ndani kulikuwa na samli badala ya oili, samli ya baridi haipandi kwenye pampu.

"Nani aliitia?" Bwana Alfonce aliuliza.

"Dereva," mwenyekiti alisema. "Kwa akili yake mwenyewe. Ndiyo hujuma tunayosema."

Bwana Alfonce akatoa kalamu. Nilimtazama Gervasi. Alikuwa anatazama chini. Kankindi alikuwa kando ya ukuta wa ghala peke yake, wanawake wengine wameacha nafasi pande zote mbili kana kwamba ana ndui. Nikachukua sufuria niliyowekea samli niliyoikomba kwenye sampu, nikaenda kusimama mbele ya kina mama. Nikawauliza kwa Kiswahili, kwa sababu Kihangaza changu ni cha kununulia ndizi.

"Mwenyekiti anasema hii ni ya dereva. Dereva hana ng'ombe. Basi ile mliyotoa ninyi iko wapi?"

Kina mama waliinamisha vichwa wote kwa pamoja. Wanaume walinitazama kama mtu aliyevua nguo. Nilikuwa nimewauliza samli mbele ya watu, na mbele ya mgeni wa serikali. Lakini mimi ndiye niliyeuliza. Wao walikuwa wameulizwa tu, na hakuna aliyekataza kujibu.

Aliyeinuka alikuwa Marsiana, kiongozi wa kina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambaye wote walimwita Mama Deodata. Alikuja polepole, akachota samli kwa kidole cha kati, akaifikicha, akainusa. Akanusa tena.

"Hii ya juu ni yangu," alisema. "Kibuyu changu nakifukiza kwa moshi wa mti wa porini, siyo kuni za jikoni. Hii ya chini ni ya Scholastika. Huwa anaiunguza."

"Siiunguzi," sauti ilitoka nyuma.

"Unaiunguza. Hata ya ubatizo uliiunguza."

Mama Scholastika akaja mbele naye, akanusa, akasema iliyoungua ni ya mtu mwingine kabisa, na akamtaja. Huyo naye akaja. Kwa muda kidogo sufuria ilipita mikono saba au minane, kila mmoja akiitambua yake na kuikataa ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimekwishainusa mara nyingi na sikuwahi kusikia humo kitu kingine zaidi ya dizeli na masizi. Sikusema hivyo. Haikuwa kazi yangu kuwapinga watu kuhusu ng'ombe zao.

Bwana Alfonce aliwaacha mpaka wakachoka. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti. Wananchi walitoa samli?"

"Walitoa."

"Walimpa nani?"

"Kamati."

"Sasa iko kwenye trekta, au iko wapi?"

Nilimwona Ildefonce akifikiri, na nilijua anafikiri nini, kama kila mtu pale. Akisema samli ya kamati haimo kwenye trekta, basi imeliwa. Mwenyekiti anaweza kuua trekta akaendelea kuishi pale. Mwenyekiti aliyekula samli ya nyumba zote hawezi hata kuzikwa vizuri. Alifungua kifungo cha juu cha koti.

"Iko kwenye trekta," alisema.

"Kwa amri ya nani?"

"Ya kamati."

"Na dereva alisema nini?"

Mwenyekiti akakifunga tena kifungo. Bwana Alfonce akatafuta mtu mwingine kwa macho, akamwona Emilian, akamwuliza yeye. Emilian alisimama wima, bunduki ya mti begani, akaeleza yote kama alivyonieleza mimi: nyonyo isiyo na heshima, makaa ya alfajiri, siku sita, amri ya moto, ndoo ya maji. Hakuruka kitu. Alieleza hata habari ya mbwa. Alipomaliza alibaki amesimama wima, kwa sababu hakuna aliyemwambia apumzike.

Bwana Alfonce aliitazama kalamu yake. Nadhani alikuwa anatafuta neno la kuandika ambalo halitamlazimu kurudi tena pale wiki ijayo. Mwishowe alisema kamati haiwezi kujihujumu yenyewe, kwa hiyo hakuna hujuma. Ataandika hitilafu ya mafuta. Kuhusu moto, mtu hawezi kuvunja amri ambayo hajasomewa. Akamwambia Emilian afungue kamba. Akafunga kalamu, akainuka.

"Mheshimiwa," Gervasi alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo tunaisikia sauti yake. Alikuwa amesimama, anapapasa kifundo cha mguu.

"Nimeshukuru. Lakini hapahapa uani niliitwa mtu wa adui. Niliitwa kwa Kihangaza, watu wote wapo. Sasa umenisafisha kwa Kiswahili, na wengi hawakusikia. Mke wangu kisimani wanamwachia nafasi." Aligeuka kumtazama mwenyekiti. "Sitaki mwenyekiti apate shida. Nataka yeye aseme."

Bwana Alfonce alimtazama mwenyekiti, akakaa tena chini. Nadhani vijiji vile viwili vingine alikuwa amekwishavisamehe.

Ildefonce alisema. Hakusema kwa haraka. Maneno yote sikuyapata, lakini nilisikia jina la Gervasi, na jina la baba yake Gervasi, ambalo mimi nilikuwa silijui, na nilisikia neno la samli na neno la moto. Alisema kwamba aliyeamuru ni yeye. Halafu akairudia yote kwa Kiswahili kwa ajili ya katibu tarafa, na ile ya Kiswahili ilikuwa fupi zaidi. Wakati anasema, Marsiana aliondoka mahali pake, akaenda ukutani, akasimama ubavuni mwa Kankindi. Hakumgusa wala hakumsemesha. Alisimama tu pale ambapo palikuwa wazi.

Kilichobaki kilikuwa injini. Nilitia ile oili ya Biharamulo, kopo zima, nikamwachia Gervasi hendeli. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilikohoa ikatoa moshi mweupe, watu wakarudi nyuma. Mara ya tatu ikashika. Gervasi aliweka kiganja kwenye ubavu wa injini akakaa hivyo kwa muda, kichwa ameinamisha, akisikiliza kama inagonga ndani. Haikugonga.

"Nzuri," aliniambia. Akajifuta mikono, akamwendea mkewe, wakaondoka kwenda kwao. Mwenyekiti alimwita akamwuliza shamba je. Gervasi alisema anakwenda kulala.

Nilimweleza mwenyekiti kwamba hata Gervasi angekuwepo, leo hakuna kulima. Injini iliyofungwa upya lazima iungurume polepole saa sita bila kazi, na lazima mtu akae karibu anatazama saa ya oili, sindano ikishuka azime palepale. Akauliza nani atakaa. Bwana Alfonce, aliyekuwa anapanda pikipiki, alisema kamati.

Kwa hiyo Ildefonce aliletewa kigoda, akakaa kando ya trekta. Wajumbe wengine walikumbuka shughuli. Jua lilikuwa kali, akavua koti. Nilikuwa nakusanya spana zangu na kuzihesabu, na yeye hakuondoa macho kwenye sindano hata inzi walipomtua usoni. Baada ya muda mrefu aliniuliza, bila kugeuka, kesho Gervasi akikataa kurudi kwenye trekta itakuwaje.

"Utakwenda kumwomba," nilisema.

"Na akikataa?"

"Utakwenda tena."

Aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza kama sindano ikitikisika kidogo hivi ni sawa. Niliinama nikatazama. Nikamwambia ni sawa, aendelee kutazama.